Behewa Lililonywea na Bunduki Iliyojikoki: Uchambuzi wa Kisa cha Modi ya Tanga 1914

Jumamosi ya kwanza tulipopakia askari wa mchezo wetu wa kompyuta ndani ya behewa letu la treni, vichwa vyao vilitokeza juu ya paa. Walikuwa wanane, mistari miwili, tarbushi zimechomoza kwenye bati kama vichwa vya kuku ndani ya tenga. Mitutu ya bunduki ilipenya ukuta ikatokea upande wa pili. Mwenzangu wa Mombasa alicheka mpaka akazima maiki. Nikaona basi, angalau tujaribu bunduki. Nikamwamuru askari mmoja apige risasi moja. Akapiga. Komeo la bunduki likainuka lenyewe, likarudi nyuma, likasogea mbele, likajifunga, na muda wote huo mkono wa askari umetulia pale chini ya mtutu kana kwamba shughuli haimhusu. Ganda la risasi likaruka kulia, likameta juani, likaangukia majani.

Ilipendeza sana kuitazama, na yote ilikuwa uongo. Bunduki ile ni Mauser ya 1871. Haijikoki, na haina kifaa cha kurushia ganda.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa la behewa na kosa la bunduki tuliyauguza kama magonjwa mawili kwa karibu miezi miwili. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja, na aliyeuona si yeyote kati yetu sisi tunaokesha kwenye kompyuta.

Tulichokuwa tunajenga

Modi yetu, yaani nyongeza ambayo wachezaji wenyewe huijenga juu ya mchezo uliopo, ni ya Arma 3, mchezo wa vita wa kampuni ya Bohemia Interactive ya Prague, Ucheki, uliotoka 2013. Tunajenga mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka India kikosi cha watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, wakashuka upande wa Ras Kasone wakitaraji kuushika mji kwa urahisi. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Mwisho wa mambo Waingereza ndio waliorudi melini, wakaacha nyuma mamia ya bunduki, mabombomu kadhaa na shehena ya risasi iliyowafaa Wajerumani kwa muda mrefu. Nyuki nao waliingia vitani siku ile. Hao hatujawajenga, na kila mtu wa Tanga akisikia modi hii swali lake la kwanza ni nyuki.

Kilichomwokoa Lettow-Vorbeck ni reli. Nguvu yake kubwa ilikuwa bara, upande wa Moshi, na reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga 1893 na kufika Moshi 1911, ilikuwa na kilomita 352. Kwa njia hiyo aliwashusha askari hadi pwani wakati Waingereza bado wanashusha watu na mizigo. Ndani ya mji wenyewe, mkato wa reli, pale njia ilipochimbwa chini ya usawa wa ardhi, ukageuka handaki lililotengenezwa tayari. Ukijenga Tanga ya 1914 bila treni, mchezaji hataelewa watu 1,000 walifikaje mahali pale kwa wakati ule.

Bunduki nayo ina uzito huohuo. Makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado yanabeba Mauser ya 1871 ya milimita 11. Unaweka risasi moja, unapiga, unaweka nyingine. Baruti yake ni nyeusi, na moshi wake ni mweupe, mzito, unaomtangaza mpigaji kwa kila aliye mbele yake. Upande wa pili walikuwa na Lee-Enfield, risasi kumi ndani ya magazini, baruti isiyo na moshi wa kusema. Tofauti hiyo ikipotea kwenye modi, kinachobaki ni watu waliovaa nguo za zamani wakipigana vita vya leo.

Tuko watatu. Mimi niko Tanga, ninafanya modeli. Mwenzangu wa Mombasa anafanya sauti na teksicha, yaani picha za kuvika modeli. Dogo wetu wa Arusha anaandika skripti, na kwa umri wake anatuita kaka hata anapotugombeza.

Dalili, na tulivyozitibu vibaya

Vichwa vilipotokeza juu ya paa, kila mmoja alilaumu kazi ya mwenzake. Mimi nilisema nafasi za abiria zimewekwa juu mno. Ndani ya modeli ya chombo cha usafiri kuna alama zinazoiambia injini ya mchezo kila abiria akae wapi, na alama hizo aliziweka dogo. Akazishusha. Vichwa vikaingia ndani, miguu ikatokea chini ya sakafu, kati ya magurudumu. Akasema, "Kaka, sasa nifanye nini, niwakate miguu?"

Tukawakalisha chini. Askari waliokaa walienea, lakini mlango ukawa kichekesho. Mchezaji anayetaka kuingia anasimama nje, mlango unamfika kifuani, anabonyeza kitufe, mara yuko ndani amekunja magoti. Mwenzangu akapendekeza tufunge mlango kabisa tuseme treni imefika na watu wameshashuka. Nakiri nilishawishika kwa siku mbili.

Upande wa bunduki tulifanya mambo yaleyale. Komeo lililojiendesha tulilipunguzia kasi tukidhani likienda polepole mtu ataona kama mkono unalisukuma. Halikudanganya mtu. Mkono uko mbele, komeo linacheza nyuma. Bunduki ilionekana kama ina jini.

Katika kipindi chote hicho, picha zetu zilikuwa nzuri. Hapo ndipo tulipopotea. Ukiliweka behewa peke yake kwenye reli, jioni, jua la chini, minazi nyuma, huoni kasoro. Bunduki ukiiweka juu ya meza ya mbao ukaipiga picha, watu wanasifu mbao ya kitako. Kitu kinachotazamwa peke yake hakina kipimo. Behewa la urefu wa mita nne na behewa la mita saba ni picha ileile mpaka asimame mtu karibu yake.

Mzee na miguu iliyobanwa

Jirani yangu ni mzee mmoja aliyestaafu karakana ya reli. Jioni moja nilikuwa barazani na kompyuta mapajani, naye akaja na kikombe chake cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bado na michezo yako?"

Nikamwonyesha treni, nikijua atafurahi. Alivaa miwani, akasogeza uso karibu na kioo, akanyamaza kwa muda uliotosha kunitia wasiwasi. Halafu akauliza, "Hili la kubebea kuku?"

Nikamweleza kwamba reli ya Mjerumani hapa Tanga ilikuwa ya mita moja, siyo pana kama hii ya kisasa inayokwenda Dodoma, kwa hiyo na mabehewa yake yalikuwa madogo. Akanitazama juu ya miwani.

"Simama," akasema. Nikasimama. "Bana miguu." Nikabana. "Haya, mabega yamepungua?"

Sikumjibu, maana nilikuwa nimeshaelewa, na nilikuwa naona haya.

Behewa lile nililipata kwenye hazina ya modeli za bure, lenye leseni inayoruhusu kulibadilisha. Lilikuwa behewa la mizigo la Ulaya la reli ya kawaida ya huko, milimita 1,435. Yetu ni 1,000. Nikagawa 1,000 kwa 1,435, nikapata 0.697, nikalichagua behewa zima kwenye Blender, programu ya kuchongea modeli, na kulipunguza kwa namba hiyo. Magurudumu yakakaa sawasawa kwenye reli. Nikafurahi, nikalala.

Lakini namba ile haikugusa magurudumu peke yake. Mlango uliokuwa na mita 2 ukawa na 1.39. Kutoka sakafuni hadi darini palikuwa na mita 2.2, pakabaki 1.53. Askari wa mchezo ana karibu mita 1.8, na hapo hujamvika tarbushi. Kila nilichopunguza kilipungukiwa na mtu, na mtu peke yake ndiye ambaye sikumpunguza.

Behewa la reli ya mita moja halinywei kwa kufuata reli. Sanduku lake linatokeza nje ya magurudumu pande zote mbili, kama mabega. Anayebisha aende Nairobi kwenye makumbusho ya reli akasimame mbele ya kichwa cha treni namba 5918, Mount Gelai, cha daraja la 59 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Upana wake ni futi 10, zaidi ya mita 3, na uzito wake ni tani zipatazo 250, juu ya reli hiihii ya mita moja. Pale pale kuna behewa la ukaguzi ambamo simba alimtoa ofisa wa polisi Charles Ryall kule Kima, 1900. Watu walikuwa wamelala humo, na simba naye akaenea. Mimi nimelipiga picha behewa hilo mara mbili na hata siku moja sikujiuliza limekaaje pana vile juu ya reli nyembamba.

Mzee hakuishia hapo. Aligusa kioo kwa ukucha. "Na hili gurudumu linakula reli." Nikavuta picha karibu. Kweli, ukingo wa gurudumu, ule unaolizuia lisitoke njiani, ulikuwa umezama ndani ya chuma cha reli. Reli zenyewe nilizijenga mimi, nikapima mita moja kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine. "Reli hupimwa ndani kwa ndani," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeisema sentensi hiyo kwa vijana wengi kabla yangu. Nilikuwa nimekula unene wa kichwa cha reli bila kujua.

Kuanza na mtu

Behewa la kwanza nililitupa lote. Wenzangu walilalamika, hasa wa Mombasa aliyekuwa ameshapaka teksicha ya kutu kwa wiki moja. Nilimwambia ndugu yangu, kutu yako ni nzuri, tutaitumia pengine. Hajanisamehe.

La pili nililianza na mtu. Nilifungua faili tupu, nikasimamisha mwanasesere wa mita 1.8, nikamtundikia bunduki begani, kisha nikachora reli mbili chini yake, milimita 1,000 ndani kwa ndani. Behewa likajengwa kumzunguka. Kwa vipimo vingine nilitumia picha za wakati wa Mjerumani, na nyingi zimehifadhiwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, unazitazama bure kwenye intaneti. Unatafuta picha iliyopigwa kutoka mwisho wa behewa, usawa wa njia. Reli yenyewe ndiyo rula yako: unajua ni mita moja, unahesabu pikseli zake, kisha unahesabu pikseli za upana wa behewa. Sharti ni kupima reli pale chini ya uso wa behewa, siyo reli iliyo karibu na kamera, maana ya karibu huonekana pana na itakudanganya. Nilipima picha kadhaa kwa namna hiyo, na kila mara behewa lilitoka pana zaidi ya mara mbili ya reli.

Hapo sura ikapatikana. Sura ni kazi ndogo, kwa sababu modeli ya Arma ni mrundiko wa matabaka. Tabaka moja ni la macho. Lingine ni la mgongano, linaloiambia injini kitu ni kigumu wapi. La tatu ni la risasi, na la nne ni la nyayo, yaani mahali mtu anapoweza kukanyaga. Mchezaji huona la kwanza tu, lakini anaishi ndani ya yote.

Tabaka la mgongano lina sheria moja inayowatesa wageni: kila kipande lazima kiwe kimefungwa pande zote na kisiwe na bonde. Programu ina amri ya kukufunikia modeli nzima kwa ganda moja lisilo na bonde. Kwenye behewa la kwanza niliitumia. Matokeo yake, mlango uliokuwa wazi kwa macho ulikuwa ukuta kwa mwili, na hiyo ndiyo sababu nyingine mtu alilazimika kuingia kwa kitufe. Sasa sakafu ni kipande chake, kila ukuta kipande chake, juu ya mlango kipande chake, na mlango wenyewe una vyake vinavyoteleza nao. Mtu anapanda kwa miguu yake. Tabaka la nyayo nililisahau mara ya kwanza, askari akapanda na kuzama sakafuni taratibu kama amekanyaga tope la mikoko.

La risasi ndilo lililoniumiza roho. Kila uso wa tabaka hilo hupewa jina la mata: mbao, bati, chuma. Behewa la hazina lilikuwa limeandikwa chuma kila mahali, kwa hiyo waliojificha ndani walikuwa salama kama wako ndani ya kifaru. Kuta zetu ni mbao. Nilipobadilisha, risasi za Lee-Enfield zikaanza kupita upande hadi upande, na usiku huohuo mchezo ukabadilika tabia. Watu hawakai tena ndani ya behewa. Wanaruka nje na kulala nyuma ya magurudumu, kwenye chuma cha kweli. Hakuna aliyewaagiza.

Jambo moja injini haitatupa. Arma haimruhusu mtu kutembea juu ya kitu kinachokwenda, anateleza na kubaki nyuma. Kwa hiyo treni ikiwa mwendoni abiria wanakaa kwenye nafasi walizowekewa, na ikisimama wanaachiwa. Dogo aliandika skripti ya kubadilisha hali hizo mbili, na mshono wake bado unaonekana kidogo.

Bunduki, kwa mara ya pili

Baada ya maneno ya mzee niliirudia bunduki nikiwa na swali moja: mtu anaifanyaje kazi? Jibu likafichua kwamba nilikuwa nimefanya kilekile nilichofanya kwa behewa. Sikuwahi kujenga Mauser ya 1871. Nilichukua Mauser ya 1898, ambayo modeli zake zimejaa kila pembe, nikakata magazini yake ya risasi tano, nikanenepesha mtutu, nikainyoosha. Kwa picha ni 1871. Kwa mifupa ni 1898.

Mifupa hiyo imeandikwa kwenye faili dogo la maneno. Kila sehemu inayocheza hufungwa kwenye chanzo, na injini huendesha chanzo hicho kutoka 0 hadi 1. Chanzo kiitwacho "reload" hukimbia kila risasi inapotoka. Kile cha "reloadMagazine" hukimbia magazini inapobadilishwa. Komeo la 1898 lilikuwa limefungwa kwenye "reload", na ndiyo maana lilicheza lenyewe mara tu baada ya mlio. Lakini bunduki ya risasi moja haina mzunguko kati ya risasi na risasi. Kwa injini, kila risasi yake ni magazini nzima iliyokwisha. Nikaipa magazini ya risasi moja na kulihamishia komeo kwenye "reloadMagazine". Jini likatoka. Askari akipiga, bunduki inabaki imefungwa, kimya, mpaka mwenyewe aamue kuishughulikia.

Kisha mkono. Mpini wa komeo la 1871 umenyooka kwenda pembeni, haukukunjwa. Mtu anauinua kwa kiganja, anavuta. Ganda linavutwa kutoka chemba, lakini hakuna kinacholirusha, linabaki limelala ndani ya kisanduku. Mpigaji lazima aiinamishe bunduki upande na kuitikisa kidogo ili ganda lidondoke. Mtikiso huo ndio bunduki yenyewe. Ukiuondoa umebaki na mbao na chuma.

Nilifuta kwanza ganda la mchezo lililokuwa linaruka kwa mazoea. Kwenye maelezo ya risasi kuna mstari wa aina ya ganda, ukiuacha mtupu hakuna kinachoruka. Ganda letu sasa ni sehemu ya modeli, limefichwa, linajitokeza komeo linapovutwa, na kufichwa tena linapodondoka. Kuinamisha na kutikisa si kazi ya modeli ya bunduki hata kidogo, ni kazi ya mwili wa askari, kwa hiyo ilibidi nijifunze kuhuisha mikono. Nilitumia fimbo ya mwavuli mbele ya kioo cha kabati, mke wangu akipita na kurudi bila kusema neno. Mwendo mzima tumeuweka sekunde nne. Wa Mombasa anaona ni nyingi. Nadhani akiwa kwenye mkato wa reli na kampuni ya Waingereza ikiwa mbele yake ataziona nyingi zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Nimalizie na moshi, maana una kisa chake kidogo. Arma ilizaliwa Prague, na alama za ndani ya modeli za bunduki mpaka leo zina majina ya Kicheki. "Usti hlavne" ni pale risasi inapotokea, na "konec hlavne" ni mwisho wa nyuma wa mtutu. Miaka ya nyuma, nikijifunza, nilizibadilishana, na askari wangu wa kwanza alijipiga usoni mwake mwenyewe. Tangu siku nilipoambiwa kwamba usti ni mdomo sijakosea tena, kwa sababu na sisi tunasema mdomo wa bunduki. Moshi tumeufungia hapo mdomoni: mweupe, mzito, unatoka kama ngumi, kisha unapanuka na kufuata upepo wa mchezo. Injini inaruhusu moshi kuziba macho ya wanajeshi wanaoendeshwa na kompyuta, nasi tumewasha. Kwa hiyo unamfichia adui uso wako na wakati huohuo unamwonyesha ulipo.

Jumamosi ya majaribio iliyofuata tuliwaweka marafiki watano upande wa askari, ndani ya minazi. Nusu saa ya kwanza walikufa ovyo. Walipiga, wakabaki palepale wakitikisa ganda, na wingu jeupe likining'inia juu yao. Ilipofika saa nne usiku tabia ilikuwa imebadilika: mtu anapiga, anahama minazi miwili kushoto, ndipo anaanza kushughulika na komeo. Mmoja akalalamika kwamba bunduki ni mbovu. Nikamwambia ndiyo.

Tulipofika sasa

Bunduki ya 1871 imekamilika, imebaki singe. Mauser ya 1898 niliyoiharibu nimeirudishia magazini yake, nayo itabebwa na makampuni machache yaliyokuwa yameshapewa. Lee-Enfield iko nusu. Teksicha ya bunduki ni pikseli 2,048 kila upande, na hapo tunaringa, kwa sababu inakaa sentimita chache kutoka jicho la mchezaji. Behewa tulilipa ukubwa uleule kwa haki ya kidugu, likatoka kama limeoshwa kwa sabuni ya unga, maana pikseli zilezile zimetandazwa kwenye mbao za mita sita. Wa Mombasa anatengeneza kipande kimoja cha mbao kinachojirudia, na juu yake madoa machache ya kipekee, ili jicho lisishike marudio. Kutu yake ya zamani imepata kazi kwenye bawaba za mlango.

Treni inatembea kutoka ukingo wa ramani hadi stesheni, inasimama, watu wanashuka kwa miguu yao. Dogo ameshaanza kuwaza upande wa pili wa mpaka, Kenya ya leo, mwaka 1915, ambako doria za Wajerumani zilitega mabomu kwenye reli ya Uganda, Waingereza wakaanza kusukuma mabehewa ya mchanga mbele ya kichwa ili yapokee mlipuko, na Wajerumani nao wakatengeneza mabomu yanayosubiri mabehewa kadhaa yapite kwanza. Amesema skripti ya kuhesabu mabehewa ni ya jioni moja. Jioni za dogo nazijua.

Juzi nilimwita mzee aone. Nilimsimamisha askari mlangoni, nikafungua mlango, nikampandisha. Aliingia wima, tarbushi haikugusa dari. Magurudumu nilimvutia karibu mwenyewe kabla hajaomba. Mzee akanywa kahawa yake yote kwanza.

"Kuku wametoka," akasema. Halafu akainama tena kwenye kioo, akazungusha kidole hewani pale kwenye ncha ya behewa, palipo patupu. "Sasa mwanangu, hili likiachwa kwenye mteremko linashikwa na nini?"

Faili la breki nimelifungua jana usiku. Mpaka sasa lina mwanasesere mmoja, amenyoosha mkono.